Mshale Uliokosekana Msimbazi

Kwenye hafla ya kuniaga, aliyeshika kipaza sauti alisema kampuni inampoteza "mama wa maduara na mishale". Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu keki ilikuwa bado haijakatwa na sikutaka kuharibu shughuli ya watu. Lakini nilirudi nyumbani kicheko kile kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na ndicho kilichonikalisha mezani. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaobaki ofisini, hasa mliocheka kwa nguvu.

Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yapo kwenye faili langu, na faili lenyewe lina makosa. Nitawaeleza kazi.

Naitwa Hawa Mtulia. Nimezaliwa Kariakoo, baba yangu akiwa fundi wa vyerehani aliyetoka Rufiji. Miaka yangu yote ya kazi nimetunga itifaki, yaani makubaliano ya jinsi mashine mbili zinavyozungumza: nani aanze, mwenzake ajibu nini, na kila mmoja afanye nini jibu lisipofika. Mambo mawili ya kwanza anaweza kuyapanga mtu yeyote. Hilo la tatu ndilo kazi.

Siku ya kwanza niliripoti kwenye mitambo ya simu pale Posta, nimevaa viatu vya mtumba kutoka Mchikichini vilivyokuwa vikinibana kiasi kwamba hadi leo nikikumbuka siku ile naanza kukumbuka vidole. Nilipelekwa kwa Mzee Swai, Mchagga mmoja mrefu, mkuu wa mafundi, ambaye hakuwa na muda wa kumkaribisha mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kupiga simu?"

"Najua."

"Haya, nichoree."

Akanisukumia karatasi ya kaki, ile ya kufungia bidhaa madukani, na penseli. Nikachora simu. Nikaipa na waya, nikaweka hata matundu ya kuzungushia namba, kwa uangalifu kabisa. Mzee Swai akaitazama kwa muda.

"Umenichorea chombo," akasema. "Mimi nimekwambia kupiga simu."

Akageuza karatasi. Akachukua kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, akazungushia penseli, akapata duara. Ndani akaandika: IMELALA. Akachora mshale unaotoka kwenye duara lile, juu yake akaandika: mkono wa simu umenyanyuliwa. Kisha duara la pili.

"Duara ni hali ambayo simu imo. Mshale ni jambo linalotokea likaitoa hapo na kuipeleka kwingine. Sasa mkono umenyanyuliwa. Simu iko katika hali gani?"

"Inasubiri namba."

"Andika. Na je, mtu akinyanyua halafu asipige namba yoyote?"

Nikainua penseli, nikairudisha mezani.

"Na je, akipiga nusu ya namba, maziwa yakafurika jikoni, akaondoka? Na je, anayepigiwa naye amenyanyua mkono sekunde hiyo hiyo ampigie yeye?"

Kila "na je" ilikuwa mshale. Hadi saa ya chakula karatasi ile ilikuwa nyeusi, na mimi nilikuwa nimegundua kwamba jambo nililolifanya maisha yangu yote bila kufikiri lina vyumba vingi kuliko nyumba tuliyopanga. Mzee Swai alinipa sheria moja tu, na aliirudia hadi nikachoka kuisikia: usiache duara lisilo na mlango wa kutokea. Mashine ikiingia katika hali ambayo haina mshale wa kuitoa, itakaa humo hadi atokee mtu wa kuizima na kuiwasha, na huyo mtu ni wewe, na siku hiyo ni sikukuu.

Alinifundisha pia mchoro wa pili, tuliouita ngazi. Unasimamisha mistari miwili, mmoja wa mashine hii na mwingine wa mashine ile. Muda unateremka kutoka juu kwenda chini. Kila ujumbe ni mshale unaovuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mshale hauchorwi bapa. Unachorwa umelalia chini kidogo, kwa sababu ujumbe unachukua muda kufika. Nilidhani huo ni urembo. Kesi yangu ya kwanza ngumu ndiyo iliyonifundisha kwamba mlalo ule ndio kila kitu.

Kulikuwa na mitambo miwili iliyotumia laini zilezile kupigiana. Wateja walilalamika kwamba mara nyingine wanapiga na kusikia ukimya tu, kama wameweka sikio kwenye mto. Mafundi walibadilisha nyaya, wakasafisha viungio, wakawalaumu panya. Mimi nilipewa kesi ile kwa sababu hakuna aliyeitaka tena. Nikachora ngazi. Nikachora mtambo wa kwanza unaomba laini. Mshale ukiwa bado njiani, nikachora mtambo wa pili nao unaomba laini ileile. Mishale ikapishana katikati kama herufi X. Kila mtambo ukapokea ombi la mwenzake na kulidhani ni jibu la ombi lake. Kila mmoja ukaanza kusubiri.

Nilimpelekea Mzee Swai. Aliitazama ile X, akavua miwani.

"Panya wameonewa," akasema.

Dawa ilikuwa rahisi hata kwa aibu: mtambo mmoja uchague laini kuanzia ya kwanza, mwingine kuanzia ya mwisho, na ikigongana, mmoja uliopangwa tangu awali ndio unaoachia. Ukimya ukaisha. Safari hii hakuna waya hata mmoja uliobadilishwa. Tangu siku hiyo sikupata tena mtu wa kunishawishi kwamba mchoro ni mapambo ya ripoti.

Miaka ikaenda. Mitambo ya kuzungusha ikaondolewa, ikaja ya kompyuta. Mzee Swai alistaafu akarudi kwao Machame. Mimi nikahamia kampuni hii yetu ya hapo Posta, inayotengeneza vifaa vya kupima na kutuma taarifa: matangi ya maji, majokofu ya chanjo, jenereta. Karatasi ya kaki ikawa skrini. Zikaja lugha za michoro zenye alama zilizokubalika dunia nzima, hivi kwamba ninachochora mimi Posta, mwenzangu wa nchi nyingine anakisoma bila kuniuliza. Zikaja hata programu zinazotembea zenyewe juu ya mchoro wako, duara kwa duara, zikitafuta mahali pasipo na mlango. Mara ya kwanza nilipoitumia iliniumbua kwa makosa saba. Nilifurahi sana, ingawa nilifunga mlango wa ofisi kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kampuni ilipata kazi ya kuweka vipimo vya maji kwenye mto Msimbazi. Mnaujua mto ule. Wakati wa kiangazi unaweza kuuvuka na viatu mkononi. Mvua zikinyesha huko juu, unakuja ukiwa na magogo, mafriji na mapaa ya watu. Mpango ulikuwa hivi: kipimo kikae juu mtoni, maji yakivuka alama kipeleke ujumbe kwenye kituo, na kituo kipige king'ora huku chini penye makazi, watu watoke mapema.

Meneja wetu alikuwa Edgar, kijana hodari, mwenye haraka. Sisemi haya kwa kebehi. Hodari alikuwa kweli. Aliwapa vijana wawili waandike programu moja kwa moja, wakamaliza kwa wiki chache. Wakaiweka mezani ofisini, kipimo upande huu wa chumba, kituo upande ule, wakachovya kipimo kwenye ndoo. King'ora kikalia. Wakarudia tena na tena, kikalia kila mara. Makofi. Kisha Edgar akaniletea karatasi ya uthibitisho nisaini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi wa itifaki.

"Mchoro uko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, hatukuwa na muda wa michoro. Programu ndiyo hiyo, inafanya kazi. Umeiona."

"Nimeona inafanya kazi ndani ya chumba, penye ndoo."

Nikaomba siku tatu. Nikaisoma programu yao na kuichora mimi mwenyewe. Haikuwa ngumu. Kipimo kikiona maji yamepanda, kinatuma ujumbe: MAJI. Kituo hakipigi king'ora papo hapo, kwa sababu inawezekana ni gogo tu limekigonga kipimo; kinajibu: THIBITISHA. Kipimo kinapima mara ya pili, kinajibu: KWELI. Hapo ndipo king'ora kinalia. Wazo zuri. Nikafika kwenye duara ambalo kipimo kinasubiri THIBITISHA, nikatafuta mshale wa kutokea endapo THIBITISHA itapotea njiani. Haukuwepo. Nikafika kwenye duara ambalo kituo kinasubiri KWELI. Nao haukuwepo.

Yaani ujumbe mmoja tu ukimezwa na mvua, kipimo kitakaa kinasubiri kuulizwa, na kituo kitakaa kinasubiri kujibiwa. Maji yapande hadi wapi, hakuna atakayesema tena. Na mtandao huyumba lini, kama si siku ya mvua kubwa?

Nikamweleza Edgar. Akasikiliza, lazima niseme hivyo. Kisha akasema, "Hiyo ni bahati mbaya ya mara moja kwa mwaka."

"Mafuriko nayo ni ya mara moja kwa mwaka."

"Mama Mtulia, tarehe ya makabidhiano imepangwa. Tukianza kuchora upya hatumalizi. Saini tu, tutarekebisha kwenye toleo la pili."

"Sisaini."

"Unaniweka pabaya."

"Wewe uko ghorofani. Kuna watu walio pabaya zaidi yako."

Nilijua nilichosema, na nilijua kitanigharimu. Wiki iliyofuata nilipewa barua nzuri, yenye maneno ya heshima, ikinihamishia kwenye karakana yetu ya matengenezo Kariakoo, "kuimarisha huduma kwa wateja". Karatasi ya uthibitisho akapelekewa mwingine, na uhandisi wangu ukageuka kuwa kupokea vifaa vibovu na kuandika risiti. Nyumbani walinishauri ninyamaze, nimebakiza miaka michache. Nilichukia ushauri ule kwa sababu ulikuwa wa busara. Mchana nilikaa kaunta, na mchoro wa Msimbazi ulikuwa chini ya kitabu cha risiti.

Siku moja aliingia mama mmoja wa makamo, kanga imefungwa kiunoni, amebeba spika ya king'ora begani kama amebeba kikapu cha embe. Alikuwa anahema.

"Hodi. Hiki mlichotupa kinakoroma. Hakilii."

Jina lake Saumu Ngonyani, mtu wa Songea. Anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na mtaani kwake bondeni ndiye mwenyekiti wa kamati ya tahadhari. Nikafungua spika: waya ulikuwa umelegea. Huku nakaza, nikamuuliza kama amekwisha kuelezwa jinsi mfumo unavyofanya kazi.

"Nimeambiwa maji yakija kitalia. Nisipokisikia, nilale."

Nikaweka bisibisi chini. Nikauvuta mchoro kutoka chini ya kitabu cha risiti, nikauweka kaunta. Nilikuwa najua ninafanya nini: ninamwonyesha mteja kosa la kampuni yangu. Nikamwonyesha duara kwa duara. Sikutumia hata neno moja la kitaalamu, na sikuhitaji. Akafuata mishale kwa kidole, akafika pale, kidole kikasimama.

"Hapa anatokaje?"

"Hatoki."

Kisha akauliza swali ambalo mimi, na shule yangu yote, sikuwa nimeliuliza.

"Na je, kipimo chenyewe kikisombwa na maji? Kikinyamaza, mimi nitajuaje kama mto umelala au kimekufa?"

Nitasema ukweli mbele yenu: niliona haya. Mchoro wangu ulikuwa umetafuta ujumbe unaopotea, haukutafuta msemaji anayepotea. Kwa mfumo ule, ukimya ulimaanisha amani. Nilichukua penseli palepale, nikachora mshale mpya: kila baada ya dakika kumi kipimo kiseme NIPO. Kisiposema, kituo kihesabu kwamba ni hatari, si kwamba ni salama.

"Makabidhiano ni Alhamisi," Bi Saumu akasema. "Wametualika kamati. Uje na karatasi hii."

"Sijaalikwa."

"Mimi nimealikwa. Nakuja na mgeni wangu."

Alhamisi asubuhi tukapanda lifti Posta, yeye mbele, mimi nyuma. Edgar aliponiona uso wake ulibadilika, lakini mbele ya wageni akasema karibu. Alikuwepo Bwana Lyimo, ofisa wa mradi upande wa wateja, mtu mpole anayeandika kila kitu. Onyesho la ndoo likafanyika, king'ora kikalia, makofi. Bi Saumu akanyoosha mkono.

"Mgeni wangu ana dakika tano."

Sikuonyesha mchoro kwanza. Nilijua wangeutazama kwa adabu na kuusahau. Nikachukua karatasi tatu, nikaandika moja MAJI, ya pili THIBITISHA, ya tatu KWELI.

"Edgar, wewe ni kipimo. Bwana Lyimo, wewe ni kituo. Mimi ni mtandao. Fanyeni sawasawa na programu ilivyoandikwa, msiongeze akili zenu."

Edgar akanipa MAJI. Nikatembea hadi kwa Bwana Lyimo, nikamkabidhi. Bwana Lyimo akanipa THIBITISHA. Nikaichukua, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu. Nikakaa.

Wakatazamana. Kiyoyozi kilisikika. Mtu akakohoa. Nadhani ilipita dakika nzima, na dakika nzima ya watu wazima kukaa bila kusema ni ndefu sana.

"Mbona mmetulia?" Bi Saumu akauliza.

"Mimi nangoja jibu la KWELI," Bwana Lyimo akasema.

"Na wewe, kijana?"

Edgar alikuwa ameshaelewa. Nilimwona. "Nangoja kuulizwa," akasema taratibu.

"Na mimi niko nyumbani napika, wajukuu wako chini wanacheza," Bi Saumu akasema. "Maji yamefika wapi?"

Bwana Lyimo akaacha kuandika. Akafunga daftari, akasema hapokei kifaa hadi mchoro ukamilike na yeye auone, mshale kwa mshale. Ndipo nikaufungua mezani, ule wenye mshale wa penseli uliotokana na swali la Bi Saumu.

Edgar alinirudisha ofisini, si kwa kunipenda. Tulikaa na wale vijana wawili wiki sita. Tuliweka saa ya kusubiri katika kila duara: kipimo kisipoulizwa ndani ya dakika moja, kinarudia kutuma MAJI; kituo kikiuliza mara tatu bila jibu, kinapiga king'ora hivyo hivyo. Vijana walibisha kuhusu NIPO, wakasema itamaliza betri. Tukagombana, tukapima, tukaongeza sola. Na mambo hayakuwa mazuri mara moja. Miezi ya kwanza king'ora kililia mara mbili bure, mtandao ulipokatika. Watu walimfuata Bi Saumu hadi Mchikichini kumsema mbele ya wateja wake. Edgar akaniambia, "Unaona?" Nilikuwa naona. Nilisema afadhali Bi Saumu atukanwe kuliko azikwe. Yeye mwenyewe alisema hivyohivyo, kwa maneno makali zaidi.

Kisha zikaja mvua za masika. Asubuhi moja saa tatu, mtaa ule haukuwa umepata hata tone, jua linawaka, wanawake wameanika nguo. Huko juu mvua ilikuwa imeshanyesha, na gogo liling'oa kipimo pamoja na nguzo yake. Hakikutuma MAJI. Hakikupata nafasi. Kiliacha tu kusema NIPO. Kituo kikauliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. King'ora kikalia juani.

Bi Saumu alinisimulia baadaye kwamba watu walitoka wakiwa wanamcheka na kutazama juu mbinguni. Lakini alipita mlango kwa mlango na ufagio mkononi, akiwatoa wasiotaka kutoka. Wakafika barabarani. Maji yakaja nyuma yao muda si mrefu, mekundu, yamejaa mbao. Alinipigia simu mchana.

"Magodoro yameloa yote," akasema. "Vyombo sijui viko wapi. Kuku wamekwenda."

"Watu?"

"Nimewahesabu mara mbili. Wapo."

Nilikata simu nikaingia chooni ofisini nikalia. Nilipotoka, mmoja wa wale vijana wawili, aliyeandika programu ile ya kwanza, alikuwa amesimama korido ananingoja. Hakusema pole wala asante. Alisema, "Mama, nimeanza kuchora ile ya majokofu ya chanjo. Kuna duara silielewi." Tukaenda kulitazama.

Ripoti ya mwaka ilisema mfumo ulibuniwa chini ya uongozi wa meneja. Sawa. Sikuomba kutajwa, na naandika haya leo si kwa sababu ya jina. Naandika kwa sababu kwenye hafla nilimsikia mtu akisema kwamba siku hizi hakuna haja, mashine zinaandika programu zenyewe. Ziandike. Ziandike hata kwa kupepesa jicho. Mimi nitauliza mahali pa kutokea pako wapi, na kama hakuna anayeweza kunionyesha kwa kidole, basi hakuna anayejua. Mtu asiyejua asinihimize.

Jumanne iliyopita, sijamaliza mwezi nyumbani, ofisi ilinipigia. Msichana mwenye sauti nzuri, mgeni, sijapata kumwona.

"Shikamoo mama. Kuna mfumo mpya wa kuzima umeme sokoni moto ukitokea. Wateja wanataka waone jina lako kwenye uthibitisho. Ni heshima tu, mama, hutasumbuka kuja."

"Marahaba mwanangu. Nitumie mchoro."

Akasita. "Mchoro haupo, mama. Lakini imefanyiwa majaribio, imefaulu zote."

"Basi na jina halipo."

"Nimwambie nini bosi?"

"Mwambie ninapatikana kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, karatasi ninazo. Na wewe njoo naye, ukae upande wangu wa meza."

Msichana yule alikuja peke yake kesho yake. Tulichora hadi duara la kumi na nne kabla ya chakula, na tayari matatu hayana mlango wa kutokea.